Bundala, mtega sikio wa mto usio na maji

Saa moja na nusu asubuhi jua limeshachomoza Bariadi, limechomoza Lagangabilili, na kule Mwanhuzi watu wameshaanza kutafuta kivuli. Ndani ya bonde la Isalanda bado hakujakucha.

Mlima wa mawe ulio upande wa mashariki umelikinga jua. Moshi wa mashamba yaliyochomwa jana haukupata pa kutokea, umelala bondeni, mzito, rangi ya jivu. Ng'ombe wanateremka ndani yake mmoja mmoja. Kwanza zinapotea kwato, kisha magoti, kisha tumbo, mpaka zinabaki pembe tupu zikielea kama hazina mwenyewe.

Mto hauna tone. Ni mchanga mtupu, mweupe, upana wa hatua mia moja na ishirini. Katikati yake mwanamume mmoja amelala kifudifudi, mikono ameitandaza, sikio ameliweka mchangani. Mgeni angesema ni maiti. Ng'ombe wanamkwepa, wanapita.

Baada ya muda mrefu anainuka, anapangusa sikio.

"Umelala," anasema. "Haya, shusheni."

Huyo ndiye Bundala Luhende, miaka sitini na mitatu, darasa la nne, mjane. Kazi yake haimo katika orodha ya ajira ya ofisi yoyote. Anausikiliza mto kwa niaba ya watu wasio na muda wa kuusikiliza.

"Bwana Bundala, mwangaluka!" anaita mzee Shigela kutoka ng'ambo, fimbo mabegani. "Leo mchanga umekwambia nini? Umekuuliza habari za nyumbani?"

"Umeniuliza lini utaacha mdomo," anajibu Bundala.

Wachungaji wanacheka. Lakini hakuna aliyeshusha ng'ombe wake kabla Bundala hajainuka.

Kuanzia Julai mpaka mvua zirudi, maji ya Isalanda huishi chini ya mchanga. Watu huchimba visima katikati ya mto, kina cha mtu mmoja na nusu, wakakata ngazi ubavuni. Mmoja hushuka chini kuchota, mwingine hupokea ndoo juu na kumimina katika madumu yaliyokatwa katikati. Ng'ombe elfu mbili hunywa hapo kwa siku, wengine wametembea usiku kucha kutoka upande wa Meatu, kwenye ukame zaidi.

Bonde lenyewe limeinuka juu kuliko nchi iliyo chini yake, lakini limezibwa pande mbili na vilima vya mawe. Juni na Julai baridi yake huua ndama. Ukungu huingia alfajiri na kukaa mpaka saa nne, na mtu aliyesimama juu ya kilima husikia kengele za ng'ombe chini yake bila kumwona hata ng'ombe mmoja. Mvua nayo ina dharau. Huja mpaka kwenye mawe, ikagawanyika, ikanyesha Itilima, ikanyesha Maswa, ikaliacha bonde katikati likitazama.

"Wenyeji wanasema bonde lina mkosi," anasema Athanasi, bwana mifugo wa kata, kijana aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera miaka mitatu iliyopita. "Mimi nawaambia ni vilima tu. Vinazuia mawingu, na pia vinatuzuia kuyaona. Mvua inanyesha huko juu mbali, hapa jua linawaka, na maji yanakuja. Hutaona wingu. Hutasikia radi. Utaona maji."

Anatulia, kisha anaongeza kwa sauti ndogo, "Ukweli ni kwamba na mimi sipendi kusimama mle peke yangu."

Kingo za mto ni kuta za udongo mwekundu, ndefu kama watu watatu waliobebana, zimesimama wima. Hazipandiki. Kwa mwendo wa karibu kilomita mbili kuna mteremko mmoja tu, uliochimbwa na kwato za vizazi vya ng'ombe, upana wake ng'ombe wawili sambamba. Mtu akiwa ndani ya mto, njia ya kutoka ni hiyo.

Mteremko wa pili uliahidiwa. Wakubwa walikuja na magari mawili, wakapima, wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, wakala mbuzi, wakaondoka. Vigingi vipo. Mchwa wamekula nusu.

"Walisema fungu litatoka," anasema Bundala. "Likatoka kweli. Likaenda kwingine. Nenda ofisini kwao ukaone vigae, utaogopa kukanyaga na viatu."

Kwa kazi yake, maboma arobaini na moja yamekubaliana kila moja kumpa shilingi elfu tatu kwa mwezi. Mwezi mzuri hupata elfu sabini. Mwezi mbaya hupewa maziwa na pole.

Hakuianza kazi hii kwa kupenda. Aliianza wiki moja baada ya kumzika mkewe.

Ilikuwa Oktoba, miaka mitano iliyopita, saa kumi alasiri, jua kali. Kwandu, mkewe, alikuwa akichota maji katika kisima kilicho hatua thelathini kutoka kwenye mteremko. Mkwewe Kija, aliyemwoa binti yao Milembe, alikuwa chini ya mteremko huohuo anajiosha vumbi la josho la mifugo, kifua wazi, kitambaa kiunoni.

Kwa Wasukuma mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani hivihivi. Wakikutana njiani mmoja hupisha porini. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani. Ni heshima, na mtoto huifahamu kabla hajajua kuhesabu.

Kwandu alipotoka kisimani akamwona Kija mlangoni mwa njia. Akafanya kama alivyolelewa. Akajifunika kanga, akachuchumaa nyuma ya lundo la mchanga, akampa mgongo, akasubiri mkwe amalize aondoke. Kija naye akamwona mkwewe. Akafanya kama alivyolelewa. Akageukia ukuta, akasubiri mama apite.

Kila mmoja alikuwa anampisha mwenzake.

Bundala alikuwa juu ya ukingo, mbali. Aliona mstari wa maji ya kahawia ukikata kona. Akapiga kelele. Wote wawili walimsikia, na wote wawili wakabaki wamegeuka, kwa sababu adabu ya miaka yote haivunjwi kwa kelele moja. Kija alikuwa mteremkoni. Maji yalimrusha juu. Kwandu walimpata siku ya pili, mbali kuelekea Lalago, kanga bado imefungwa kichwani.

Barua ya kuomba msaada wa maafa ilijibiwa kwa mistari miwili. Kipima mvua cha ofisi, siku ile, kilisoma sifuri. Hakukuwa na mvua, kwa hiyo hakukuwa na mafuriko.

"Sifuri," anasema Bundala. Analitamka neno hilo polepole, kama mtu anayetema mfupa. "Mke wangu amekufa kwa sifuri. Mimi shule sikuisoma, lakini hiyo hesabu waliisomea wapi?"

Kija alikuja msibani, akakaa nje ya uzio siku nne. Bundala hakumwambia kitu. Mwaka ukapita, ukapita wa pili. Milembe analeta wajukuu kumwamkia babu yao, na babu hawaulizi baba yao hajambo.

Tangu hapo wachungaji wengi hawakubali kubaki kisimani peke yao jua likishapita utosini. Wanasema ukiinama, chini kabisa, pale maji yanapochuja, kuna mwanamke anasalimia. Hapigi kelele. Anasalimia kwa adabu, kama aliyepiga goti, kisha ananyamaza na kusubiri.

Bundala hataki habari hizo. "Mchanga unakunywa maji, hewa inatafuta pa kutokea. Inatoa sauti. Basi."

Anachukua sepeto, anasawazisha ukingo wa kisima ambao tayari umesawazika.

"Lakini mimi huitikia," anasema. "Salamu haiachwi hewani."

Alhamisi ya wiki ya pili ya Novemba, saa tisa na robo alasiri, ng'ombe wanaacha kunywa.

Hawaachi mmoja mmoja. Wanaacha wote kwa pamoja, kama mia mbili hivi, midomo inadondoka maji, na wote wanainua vichwa kutazama mashariki. Hakuna kengele inayolia. Upepo uliokuwa unapeperusha vumbi tangu asubuhi umekufa. Anga ni bluu tupu, haina hata uzi wa wingu.

Katika kisima cha kati yuko Nyanjige, mdogo wake marehemu Kwandu. Tangu asubuhi maji ya kisima hicho yamekuwa yakijaa kwa ubahili, kikombe kwa kikombe. Sasa yanapanda yenyewe. Yanamfika vifundoni, yanapanda mguu, na rangi yake imekuwa ya chai. Juu yake zinaelea mbegu za nyasi asizozijua.

"Shemeji!" anaita kutoka chini. "Shemeji, maji yamekuwa ya baridi!"

Bundala ameshalala kifudifudi. Sikio halijakaa vizuri ameshasimama.

"Tokeni! Wote! Umeamka!"

Juu ya ukingo, kwenye mti wa mgunga, imening'inizwa rimu ya lori. Anapanda mteremko mbio kama si mtu wa miaka yake, anashika nondo, anaipiga. Sauti inakwenda kugonga mawe ya kilima, inarudi, inagongana na inayofuata. Wachungaji wanachapa ng'ombe. Vumbi, kwato, miluzi. Mzee Shigela anapita bila utani wowote mdomoni. Mto unabaki mtupu, isipokuwa watu wawili.

Nyanjige ametoka kisimani, nguo zimemganda. Anakimbia hatua kumi. Kisha miguu inasimama.

Kwenye mteremko yuko Kija, anasukuma ndama wa mwisho. Kwa kuwa amemwoa Milembe, Nyanjige naye ni mama mkwe wake, sawasawa na marehemu.

Nyanjige anavuta kanga kichwani. Anachuchumaa. Anageuka.

Kija anamwona. Anageukia ukuta.

Juu ya ukingo Bundala anapiga rimu mpaka mkono unaingia ganzi. Baadaye atasema kwamba kwa muda ule hakujua ni mwaka gani. Alimwona mwanamke mchangani na hakuwa na uhakika ni yupi kati ya wale ndugu wawili.

Sauti inaanza kusikika. Haifanani na ngurumo. Inafanana na ya watu wengi wanaoburuta ngozi kavu ardhini, wakija polepole, bila kuzungumza.

Kija anaugeuzia ukuta mgongo. Anashuka. Anakimbia moja kwa moja kwa mkwewe na kumshika mkono.

"Niache!" Nyanjige anapiga yowe. "Una wazimu? Mimi ni mkweo! Niache!"

"Mama, nitaomba radhi huko juu!"

Anamvuta. Nyanjige anajivuta nyuma, anamchapa shavuni, kanga inaanguka. Anamvuta hivyohivyo, nusu anatembea nusu anaburutwa, mpaka kwenye mteremko, na hapo miguu ya mama inakubali kwa kuwa masikio yameshasikia. Wanapanda. Hatua ya nne, ya tano. Chini yao ulimi wa kahawia wenye povu unapita, umebeba magogo, mabua na mbuzi aliyekufa, na jua linaumulika vizuri kabisa. Visima vyote vinafumbwa kwa mpigo mmoja.

Hakuna aliyelowa mvua. Vumbi la ng'ombe bado liko hewani.

Athanasi, aliyekuwa juu na daftari lake la chanjo, anatazama saa. Anasema tangu rimu ilie mpaka maji yapite zilikuwa dakika saba.

Mtu angefikiri jioni hiyo kijiji kilipika pilau. Kijiji kiliitisha kikao.

Kija alikuwa amemshika mkwewe mkono mbele za watu, akamwona kichwa wazi, akachapwa naye. Wazee wakakaa, mzee Shigela akiwa mwenyekiti wao, wakasema kondoo lazima atoke kusafisha jambo hilo. Nyanjige mwenyewe alikuwa amejifungia ndani kwa aibu, hali chakula.

"Nashukuru kwamba niko hai," alisema nyuma ya mlango uliofungwa. "Lakini nitapita wapi? Watu wananitazama mkono."

Jumamosi Bundala anafika kikaoni na kondoo dume, mkubwa, mafuta yanatikisika mkiani.

"Huyu hapa wa faini," anasema. "Lakini mnisikilize. Halipii ya Alhamisi peke yake. Analipia na yale yajayo. Ndani ya mto ule, rimu ikilia, hakuna mkwe. Hakuna mkamwana. Kuna watu na maji. Wakishatoka juu, warudishiane heshima yao."

Shigela anakohoa. "Bundala, tangu lini faini ikalipwa kabla ya kosa?"

"Mnadani unalipa ushuru kabla hujamuuza ng'ombe. Hata asipouzika, hawakurudishii. Mbona hujawahi kuuliza tangu lini?"

Kicheko kinapita. Shigela anajikuna kidevu.

"Na mkosi je? Mizimu ikikasirika?"

"Mizimu ina mke wangu," anasema Bundala. "Kama ina la kuniambia, inajua ninapolala kila asubuhi."

Hapo hakuna anayecheka. Wanabishana mpaka vivuli vinarefuka. Mwisho wanakubali, lakini kwa msimu mmoja tu, mpaka pamba ivunwe, halafu watatazama.

Kija amesimama nyuma ya watu wote, mahali alipozoea kusimama kwa miaka mitano. Kondoo anarusha mateke. Bundala anaangaza huku na huku kutafuta msaidizi, macho yanampata, na yanabaki hapohapo.

"Kija, ng'wanone, mwanangu," anasema. "Shika miguu."

Kijana anapita katikati ya watu, anapiga magoti, anashika.

Sheria ikishapita watu hudhani kazi imekwisha. Bundala hadhani hivyo. Amezoea kuona wakubwa wakipitisha mambo mezani yanayobaki mezani. Barua ya kudai mteremko wa pili amemwandikisha Athanasi, ni ya sita sasa, na atakwenda kuipeleka mwenyewe. "Watanikalisha kwenye kiti cha nje mpaka saa tisa, nitakaa."

Hofu yake kubwa zaidi iko karibu kuliko ofisini. Alimwona Kija, mtu aliyeshanyang'anywa mkwe na maji yaleyale, akigeukia ukuta mara ya pili.

"Kichwa cha mtu unaweza kukielimisha kwa kikao," anasema. "Miguu haijahudhuria kikao. Miguu inajua ilichofundishwa na bibi."

Kwa hiyo sasa, mto ukiwa umekauka tena na visima vimechimbwa upya, kila siku saa tatu asubuhi Bundala huipiga rimu bila maji kuja. Wote walio mtoni wanatakiwa kuacha ndoo, kuacha fimbo, kupanda mteremko kwa pamoja, mkwe na mkwe, bega kwa bega. Aliye karibu amshike aliye karibu. Bundala husimama juu na kuhesabu mpaka mia moja. Anayebaki chini, au aliyegeukia ukuta, anaitwa jina lake na kuambiwa kwamba amekufa.

Siku ya kwanza walikufa kumi na mmoja. Walisimama mchangani wakichekea viganja, wanawake wamejifunika, wanaume wanatazama kwato za ng'ombe, kila mmoja akimpisha mwenzake. Nyanjige hakuja. Siku ya tatu alikuja, akapanda akiwa ameangalia pembeni, Kija amemshika ncha ya kanga tu, si mkono.

"Ncha ya kanga inatosha?" aliuliza Kija kutoka chini.

"Maji yatakuambia," alijibu Bundala.

Leo ni siku ya tisa. Moshi umetanda bondeni kama kawaida, na kutoka juu haonekani mtu, zinasikika kengele tu na sauti za ndoo. Bundala anapiga rimu. Ndani ya moshi huo kunakuwa na vishindo, minong'ono, mama mmoja anasema "jamani, jamani," na vichwa vinaanza kutokeza mteremkoni, viwili viwili, vikihema. Anahesabu. Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia.

Upepo unausogeza moshi. Chini kabisa, mzee Shigela amesimama peke yake, uso ukutani. Hatua tatu mbele yake amechuchumaa mke wa mwanawe, kanga kichwani, anasubiri baba mkwe apite.

"Mzee Shigela, umekufa," Bundala anaita. "Na mkamwana wako amekufa."

Shigela anageuka polepole. Anamtazama mkamwana, anatazama mteremko, anatazama kule mashariki ambako hakuna kitu. Hana utani.

"Nilikusikia," anasema. "Wallahi nilikusikia tangu pigo la kwanza."

Bundala anachora mistari miwili kwa nondo kwenye udongo. Jana walikufa wanne, leo wawili. Mvua za huko juu zinatarajiwa kushika kasi kabla ya Krismasi, na kabla ya hapo anataka ifike asubuhi moja ambayo hatachora mstari hata mmoja.

"Rudini chini nyote," anasema, na kuinua nondo. "Tunaanza upya."